Kutoa upepo kwenye rejeta maana yake nini

Fundi akibadilisha wota pampu au mpira wa rejeta halafu akakwambia "subiri, bado sijatoa upepo", anaongelea hewa iliyobaki kwenye njia za maji ndani ya injini. Wengi tunajua kutoa upepo kwenye breki. Huku ni kazi ile ile, ila hewa ya huku inaua injini.

Iko hivi, ukishamwaga maji ya zamani ndani kunabaki hewa tupu, sasa unamimina kulanti (maji maalum ya kupoza injini) kwenye mdomo wa rejeta inashuka inashuka mpaka inafika juu na wewe unaona tayari imejaa. Haijajaa! Injini ikiwa ya baridi themostati (valvu inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yapite kwenye rejeta) imefunga, nyingi zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu, kwahiyo kuna hewa imenaswa kwenye hedi (kichwa cha injini) na nyingine kwenye kale karejeta ka hita nyuma ya dashibodi. Hewa haibebi joto kama maji, pale ilipokaa chuma kinapata moto sana, maji ya jirani yanageuka mvuke, na mvuke unataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji yaliyouzaa, ndio unaona kulanti inasukumwa mpaka inamwagika kwenye kichupa cha akiba. Mwisho wake hedi inapinda au gasketi yake, ile ya kuziba kati ya hedi na bloku, inaungua. Kibaya zaidi, sensa ya temperecha ikiwa imekaa kwenye hewa badala ya maji, mshale unaweza usipande kabisa huku injini inachemka.

Mimi yalinikuta na Toyota IST. Nilibadilishiwa mpira wa juu, fundi akajaza, akafunga mfuniko, dakika 10 tumemaliza. Kesho yake nawasha nasikia nyuma ya dashibodi kama mtu anamimina maji kwenye chupa, glu glu glu, nikifungua hita inatoa ubaridi wakati mshale unapanda. Nikazima, nikaiacha ipoe kabisa ndio nikafungua, ikaingia kulanti zaidi ya lita moja. Lita nzima kwenye injini inayobeba kama tano hivi!

Inavyotakiwa, paki pua ya gari ikiwa juu kidogo ili hewa ipande kuelekea mdomo wa rejeta. Hita weka kwenye joto la mwisho, maana kuna gari zina valvu inayofunga maji ya hita. Mimina taratibu, washa injini mfuniko ukiwa wazi, minya minya mpira wa juu kabla haujawa wa moto. Mapovu yataanza kutoka madogo madogo, alafu ghafla utaona maji yanashuka mdomoni kama kuna mtu kayavuta kwa chini, hapo themostati imefunguka na wengi ndio wanafunga mfuniko wakidhani wamemaliza, kumbe ndio kazi imeanza. Ongeza, subiri feni iwake na kuzima hata mara mbili, mapovu yakikata ndio ufunge.

Subaru na BMW nyingi zina kiskrubu maalum cha hewa, unakilegeza mpaka yatoke maji matupu bila povu. Hiace na Noah za zamani injini iko chini ya siti na mabomba ni marefu, hizo usimharakishe fundi hata kidogo.

Na tafadhali sana, ikiwa ya moto usifungue mfuniko. Ule mfuniko unashikilia presha ya karibu bar 1, ndio maana maji yanapita nyuzi 100 bila kuchemka, ukiufungua yanachemka yote hapo hapo na kukurukia usoni.

Kupima kama upepo umeisha, pima kulanti iliyotoka na iliyoingia, zikipishana sana bado kuna hewa. Asubuhi yake injini ikiwa ya baridi angalia tena, ikiwa imeshuka kidogo ongeza, ni ile hewa ya mwisho imetoka usiku. Ikiendelea kushuka kila siku hapo tafuta inapovujia, upepo hauhusiki tena.