Namba ya faili si "kontroo namba"

Namba ya faili ni namba ambayo hospitali inakupa siku ya kwanza unapoandikishwa mapokezi, na inabaki yako hata ukirudi baada ya miaka kumi. Ni ya mtu, si ya kila safari ya kuja kutibiwa. Basi.

Shida ni kwamba siku hizi kila tarakimu iliyo kwenye karatasi ya hospitali inaitwa namba ya faili. Mtu anaulizwa dirishani, anasoma kontroo namba. Katika hospitali za serikali Tanzania hiyo ni namba ya kumbukumbu ya malipo: tarakimu 12, huanza na 99, hutolewa kwa malipo fulani, ukishalipa kazi yake imekwisha. Haijui wewe ni nani wala una mzio wa dawa gani. Namba ya bima nayo ni ya uanachama wako kwenye mfuko. Uanachama ukikoma, faili lako bado lipo.

Linaloniudhi zaidi ni ile kauli ya "kadi imepotea, nifungulie tu faili jipya." Kadi ni kadi, faili halijapotea. Likifunguliwa la pili, unakuwa wagonjwa wawili. Amana uliyoweka wakati wa kulazwa inakaa kwenye faili la kwanza, gharama za maabara na dawa zinaingia la pili, na siku ya kuruhusiwa unadaiwa fedha uliyokwisha kulipa. Ukiijumlisha bili hiyo mstari kwa mstari, hesabu inakubali kabisa! Ndiyo maana kusema "bili ni sahihi, nimeipiga hesabu" hakutoshi.

Kuna na kosa la upande wa pili, ambalo watu hulichanganya na hili: watu wawili ndani ya faili moja. Hilo ni baya zaidi, kwa sababu mafaili mawili ya mtu mmoja yanaweza kuunganishwa, lakini majibu ya damu ya watu wawili yakishachanganyika, nani atayatenganisha? Huanzia padogo tu. Ramadhani na Ramadhan, ukoo mmoja, na mahali pa tarehe ya kuzaliwa pameandikwa "miaka 40". Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ingesaidia hapo, kwa kuwa tarakimu zake nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Watoto wengi hawana hiyo, na wengi huanza maisha wakiwa "Mtoto wa Asha", kisha wanarudi kliniki na jina kamili ambalo mfumo haujawahi kulisikia.

Kwa hiyo ukiulizwa mapokezi kama umewahi kutibiwa pale, karani hakusumbui. Mtajie jina lile uliloandikishwa zamani, hata kama lilikosewa herufi au ni la kabla hujaolewa, alitafute hilo kwanza. Marekebisho ya jina hufanyika ndani ya faili lilelile.