Acheni kupiga msasa dashibodi za Benzi za zamani

Kimeletwa kingine. Kipande cha dashibodi cha zebrano, mbao yenye michirizi kama ya punda milia, cha Benzi ya miaka ya 1980, kimesuguliwa kwa msasa namba 80, ule mkali, mpaka katikati pametokea doa. Mwenye gari anasema, "Fundi, si mbao tu hiyo, endelea kusugua litaisha." Haliishi, kaka. Hilo doa ndiyo mbao ya chini.

Ile ni vinia, yaani ngozi nyembamba ya mbao ya thamani iliyogandishwa juu ya mbao nyingine. Unene wake hata milimita moja haufiki, mara nyingi ni kama 0.6. Jaguar ni hivyohivyo: nundu la mti wa walnati limekatwa jembamba, likagandishwa juu ya plaiwudi. Fundi vitanda wa Keko, Dar, simbezi, kazi yake anaijua, lakini kazoea mninga wa inchi mbili. Akila milimita moja, nani atajua? Hapa milimita moja ndiyo mali yote.

Na kinachoniudhi zaidi, mara nyingi vinia yenyewe ni nzima! Zile nyufa mnazoziona ziko kwenye laka, ile rangi angavu ya kung'arisha iliyo juu yake. Jua linapiga kioo cha mbele mchana kutwa, unyevu wa pwani unaivimbisha mbao, kiyoyozi kinaikausha, na laka iliyozeeka haivutiki tena. Inapasuka, inageuka njano. Mulika tochi kwa ubavu. Ufa ukikatiza michirizi huku michirizi yenyewe inaendelea chini yake bila kukatika, mbao haina kosa. Laka hiyo inatolewa kwa hewa ya moto na kikwaruo butu, ukifuata nyuzi, polepole, ikibanduka vipande kama magamba ya samaki. Msasa unakuja mwisho, namba 240 kwenda juu, kwa mkono. Mashine iache huko huko.

Vinia ikishatoboka, kiraka kitaonekana tu. Kwenye walnati, vinia za kushoto na kulia zimekatwa mfululizo kutoka kipande kimoja ili michoro itazamane. Ukigusa upande mmoja, andaa hela ya pande zote mbili. Halafu mbao nyingi hukolea zikipigwa na mwanga, walnati hupauka, kwa hiyo rangi zilizolingana leo zitakuja kuachana.

Gundi ya viatu ya kubandikia vinia sitaki kuiona. Gari likiegeshwa juani inalainika, vinia inatuna.

Wenye magari ya Marekani ya miaka ya 1930 na 1940, kwenu ni hatari zaidi: nyingi ni bati lililochorwa mbao kwa rola. Sugua uone.

Nikimaliza, juu ya vinia napuliza klia ya hadna, yaani rangi angavu inayochanganywa na dawa ya kuigandisha, koti juu ya koti. Hapa, kusema kweli, sijatulia. Klia ngumu inang'aa, ila ugumu huohuo ndio ulioiponza laka ya kwanza, ile ya kiwandani. Iliyo laini inafuatana na mbao, lakini funguo tu zinaichubua. Wateja wanataka mng'ao, basi nawapa.

Ukija, leta vipande vyote, hata kifuniko cha kisahani cha majivu. Usiniletee kimoja kwanza "tuone kitatokaje", maana siwezi kulinganisha rangi na kitu kilichobaki nyumbani kwako.