Kabla ya kuuliza nyota kahamia wapi, uliza nani atamvuta

Kila ikifika Agosti, simu yangu haitulii. Vijana ninaowanoa kwenye baiskeli za mbio hapa Nairobi, wazazi wao, marafiki wa Kigali na Kampala, wote wananitumia habari za aina moja: fulani kahama, fulani kasaini, fulani kaongezewa mkataba. Mwishoni mwa 2025 jina lilikuwa la Biniam Girmay, Mwafrika mwenzetu kutoka Asmara, aliyekwenda timu ya NSN. Watu walitaka nibashiri atashinda mara ngapi. Nikawarudishia swali ninalowarudishia kila mwaka: huko aendako, nani atamvuta?

Asiyefuatilia mchezo huu nimweleze kidogo. Baiskeli ikifika kasi ya kilomita 60 kwa saa, adui mkubwa wa mwendeshaji ni upepo anaoukata kwa kifua chake. Aliye mbele anaumia, aliyejibana mgongoni mwake anapumua. Ndiyo maana mmaliziaji, yule mwenye miguu ya kasi ya mita 200 za mwisho, hatakiwi kuuona upepo mpaka dakika ya mwisho kabisa. Mwenzake mmoja humpeleka mbele ya kundi zikibaki kilomita tatu, mwingine humpokea kwenye kilomita ya mwisho, na wa mwisho humvuta kwa nguvu zake zote mpaka bango la mita 200, kisha hujitoa pembeni na kumwachia njia. Huyo wa mwisho akikosea sekunde moja, kazi ya saa tano imekwisha.

Nakumbuka tarehe 1 Julai 2024, hatua ya tatu ya Tour de France (mbio ya wiki tatu, na kila siku ya mbio ni hatua moja), kutoka Piacenza hadi Turin, zaidi ya kilomita 230. Zikiwa zimebaki kama kilomita mbili, watu wakaanguka na kundi likakatika. Girmay alikuwa upande salama wa mpasuko. Akachomoka kulia, kando ya vizuizi, akawaacha Fernando Gaviria na Arnaud De Lie. Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour. Kabla ya mbio kwisha aliongeza hatua mbili na kuvaa jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi. Nilikuwa nimesimama mbele ya televisheni na machozi yakanitoka.

Watu walikariri jina la Girmay. Mimi kwenye daftari langu niliandika pia la Mike Teunissen. Huyu ni Mholanzi aliyewahi kuvaa mwenyewe jezi ya njano, ya kiongozi wa mbio, baada ya kushinda hatua ya kwanza ya Tour ya 2019 mjini Brussels. Mtu wa hadhi hiyo, mwaka 2024 alikuwa kwenye Intermarché-Wanty akimfanyia kazi Girmay. Msimu ulipokwisha akahamia XDS Astana. Habari yake ilipita kimya, mistari michache tu kwenye magazeti ya baiskeli. Tour ya 2025 Girmay alianza vizuri, wa pili mjini Lille nyuma ya Jasper Philipsen, lakini hakupata hatua hata moja. Sisemi kuondoka kwa mtu mmoja ndiko kulikosababisha yote. Ila nasema uhamisho ule mdogo ulistahili kusomwa kwa makini kuliko nusu ya zile habari kubwa.

Upande wa pili wa shilingi ni mmaliziaji wa Uingereza, Mark Cavendish. Mwaka 2023 alikuwa Astana akisaka ushindi wa 35 wa hatua za Tour, ambao ungempita Eddy Merckx mwenye 34. Akawa wa pili mjini Bordeaux, kesho yake akaanguka na kuvunjika mtulinga. Akakubali kuendelea mwaka mmoja zaidi, na timu ikafanya usajili wa akili sana: ikamchukua Michael Mørkøv, Mdenmaki yuleyule aliyemvuta Cavendish mwaka 2021 aliposhinda hatua nne. Tarehe 3 Julai 2024, mjini Saint-Vulbas, ushindi wa 35 ukapatikana. Mkurugenzi wa timu akikuonyesha usajili wa namna hiyo, ujue anaijua kazi yake.

Sasa tuingie kwenye hesabu ya kikosi. Timu ya daraja la juu, na ziko 18 tu, ina waendeshaji takriban 30. Tour, Giro ya Italia na Vuelta ya Hispania, mbio tatu kubwa za wiki tatu, kila moja inapokea wanane kwa timu, na tangu 2018 hakuna wa tisa. Mtu wa soka ataona 30 ni wengi. Lakini timu hizi mara nyingi hukimbia sehemu mbili au hata tatu siku hiyohiyo: kikosi kimoja kiko Italia, kingine Ubelgiji, wengine wawili wako mlimani kambini, mmoja kavunjika kiwiko. Ndani ya hao 30 lazima uwe na mtu wa milima, mtu wa mawe ya Flanders, mmaliziaji na wavutaji wake, na wale ninaowapenda kuliko wote: wanaovuta kundi zima kwa saa tatu kwenye tambarare ili mwizi wa siku asitoroke, kisha wanashuka nyuma kwenye gari kuchukua chupa za maji, saba mgongoni na mbili kwenye fremu. Huyo hutamwona kwenye picha ya ushindi. Ukimkosa, hiyo picha haipo.

Hapo ndipo soka inatudanganya. Simba au Yanga ikimtaka mchezaji mwenye mkataba, inaweka fedha mezani na klabu yake inanufaika. Kwenye baiskeli, kwa desturi, mtu hungoja mkataba uishe tarehe 31 Desemba na kuondoka bure. Timu haiuzi tiketi, kwa kuwa barabara ni ya umma. Fedha za televisheni haziifikii kwa maana. Inaishi kwa mdhamini, na hata jina lake ni la mdhamini. Mdhamini akiondoka, jina linaondoka naye. Kwa hiyo timu ndogo iliyomlea kijana miaka mitatu humpoteza bila kupata senti, labda mkataba uvunjwe kabla ya wakati. Na ukivunjwa vibaya, gharama ni kubwa: Wout van Aert aliondoka timu yake ya zamani mwaka 2018 mkataba haujaisha, na mahakama ya rufaa ya Ubelgiji ikamwamuru alipe zaidi ya euro 660,000.

Kanuni za shirikisho la dunia, UCI, zinasema uhamisho usitangazwe kabla ya 1 Agosti. Mazungumzo yenyewe huanza mapema zaidi, kila mtu anajua. Remco Evenepoel alitangazwa tarehe 5 Agosti 2025 kwenda Red Bull-Bora-Hansgrohe, huku mkataba wake na Soudal Quick-Step ukiwa bado na mwaka mmoja. Wengi walishangilia. Mimi nilianza kuhesabu viti. Timu ile tayari ilikuwa na Primož Roglič, na ilikuwa na Florian Lipowitz aliyetoka kushika nafasi ya tatu ya Tour wiki chache nyuma. Viti ni vinane. Ukiweka viongozi watatu, vinabaki vitano vya kuwasaidia wote, na kila kiongozi anataka angalau wawili wa milima kwa ajili yake.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na Jumbo-Visma ya 2023 waliwaweka watatu. Kwenye Vuelta ile Sepp Kuss, mtumishi wa miaka yote, alikuwa amevaa jezi nyekundu ya uongozi. Tarehe 13 Septemba wakapanda Angliru, mlima ambao sehemu zake baiskeli inakaribia kusimama wima. Ukungu umeshuka, watu wamejaa kando. Roglič akaongeza kasi, Jonas Vingegaard akamfuata, na Kuss, mwenzao, kiongozi wa mbio, akaachwa. Aliyemwokoa ni Mikel Landa wa timu pinzani ya Bahrain, aliyekuwa akipanda mbele yake kwa mwendo wa sawasawa. Kuss akafika juu akiwa amebakiwa na sekunde 8 tu dhidi ya Vingegaard. Timu ikashika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu, jambo ambalo mbio hizi kubwa hazikuwa zimeliona tangu timu ya Kas kwenye Vuelta ya 1966, na bado nyumba ile ilikuwa na ufa. Mwezi uliofuata Roglič akatangaza kwenda Bora.

Kuna jambo jingine linalopindisha usajili wa siku hizi, nalo ni pointi. Leseni za daraja la juu hugawiwa kila baada ya miaka mitatu kwa wingi wa pointi, na wa chini wanashuka. Katika mzunguko wa 2020 hadi 2022, kushinda hatua ya Tour kulikupa pointi 120, huku kushinda mbio ya siku moja ya daraja la 1.1, zile zinazoanzia uwanja wa kijiji na kumalizikia mbele ya kanisa, kulikupa 125. Soma hilo tena. Pointi 120 kwa ushindi ambao mtu anaukumbuka maisha yake yote. Zilihesabiwa za waendeshaji kumi bora wa kila timu, basi timu zilizokuwa hatarini zikawapeleka watu wao wazuri vijijini. Zikaacha hata mmaliziaji wa pili na wa tatu wapigane kivyao, ili timu ipate nafasi ya tano, ya saba na ya tisa kwa pamoja. Kuvuta kukawa hasara, kwa sababu anayemvuta mwenzake hapati pointi.

Lotto na Israel-Premier Tech walishuka mwaka ule. Kuanzia 2023 UCI ilirekebisha kidogo: hatua ya Tour ikawa 210, na wanaohesabiwa wakawa 20. Hili la 20 lilibadilisha soko. Mtu wa nafasi ya nane akawa na bei. XDS Astana waliingia 2025 wakiwa hoi kwenye jedwali, wakasajili wakusanyaji wengi wa pointi, wakachagua mbio zao kwa uangalifu, na wakapona. Cofidis ndio walioshuka. Nawavulia kofia Astana kwa hesabu ile. Lakini nikiwa mkufunzi inaniuma, kwa sababu wakala sasa akija kumtazama kijana, anafungua simu yake na kuangalia pointi. Haulizi kijana alifanya nini kwenye kilomita 100 za kwanza.

Na usalama wa hizi timu wenyewe ni wa wasiwasi. Timu ya HTC ilikuwa ikishinda kuliko wote, ikafungwa mwisho wa 2011 kwa kukosa mdhamini. Qhubeka ya Afrika Kusini, timu ya kwanza ya Afrika kualikwa Tour mwaka 2015, haikuvuka 2021. Girmay yamemkuta mara mbili: mwaka 2021 Delko ya Ufaransa iliyumba kifedha akaondoka katikati ya msimu kwenda Intermarché, na mwaka 2025 Intermarché nayo ikaungana na Lotto. Timu mbili zenye watu karibu 60 zikiwa moja ya 30, hesabu mwenyewe wangapi walibaki wakipiga simu Novemba. Mwenye jina kubwa alipata mlango. Mchukua chupa wa miaka 31 hakuwa na uhakika wa kitu.

Wakenya huwa tunamtaja Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyejifunza baiskeli kwa David Kinjah. Mwaka 2011 mkataba wake na timu ya Sky ulikuwa unaelekea ukingoni na hapakuwa na dalili kubwa ya mwingine. Alipelekwa Vuelta kama msaidizi wa Bradley Wiggins. Ndani ya wiki tatu akawa wa pili, na miaka minane baadaye akapewa ushindi wenyewe baada ya Juan José Cobo, aliyekuwa wa kwanza, kunyang'anywa. Nawasimulia vijana wangu kisa hiki kwa sababu ya kile kiti cha msaidizi: ndicho alichopanda kufika mbele.

Mmoja wao, mpanda milima wa miaka 20, ameletewa mkataba na timu ya daraja la tatu ya Ulaya. Daraja hilo timu nyingi hazilazimiki kumlipa mtu mshahara, tofauti na juu, ambako anayeingia mara ya kwanza lazima apewe angalau miaka miwili na kima cha chini. Tuliukalia mezani kwangu, yeye, mama yake na mimi, chai ikapoa. Mama aliuliza kuhusu fedha, na ni haki yake. Kijana aliuliza kuhusu baiskeli, itakuwa ya aina gani. Mimi nikachukua kalamu nikaandika majina ya waendeshaji 14 wa timu ile, mbele ya kila mmoja kazi yake. Wapanda milima walitoka sita. Wa kuvuta tambarare mmoja. Halafu nikafungua ratiba ya timu: mbio nyingi ni za Ubelgiji na Uholanzi, ardhi iliyolala kama mkeka, upepo wa ubavuni mwanzo mwisho.

"Kocha," akaniambia baada ya kimya kirefu, "kwa hiyo wananitaka nifanye nini?"

Tumewaandikia swali hilohilo, kwa maneno yake. Tumeomba pia orodha ya mbio kumi atakazopangwa na nani atakaa naye nyumba moja. Wakala anasema hakuna timu inayojibu maswali kama hayo kwa mtu asiye na pointi. Tumewapa mpaka Ijumaa.