Hisa za nje na taarifa za upotoshaji: dhana zinazowanyima watu fidia

Siku hizi muuza mbao wa Mafinga au mkulima wa parachichi wa Njombe ananunua hisa za New York kwa simu. Kampuni ikidaiwa kuwapotosha wawekezaji na bei ikaporomoka, wawekezaji huweza kuishtaki kwa pamoja kudai fidia, na vijiweni huanza kusemwa mengi.

Dhana: "Hiyo ni kesi ya Wamarekani, mtu wa Mbeya haimhusu."

Kinachoangaliwa ni mahali ulikonunua, si uraia wako. Juni 2010, katika kesi ya Morrison dhidi ya National Australia Bank, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa kifungu kikuu cha udanganyifu wa hisa kinahusu hisa zilizoorodheshwa kwenye masoko ya Marekani na manunuzi mengine yaliyofanyika nchini humo. Aliyeko Mwanjelwa akinunua New York anaweza kuwemo. Mmarekani aliyenunua Sydney hayumo. Suluhu (makubaliano ya kulipa fidia bila hukumu) ya mwaka 2018 ya Petrobras, kampuni ya mafuta ya Brazil, takriban dola bilioni 3, ilionyesha hilo wazi: walionunua hisa zake katika soko la São Paulo hawakuwemo, ingawa kashfa ya rushwa ilikuwa ileile.

Walionunua nje ya Marekani wakati mwingine wana njia nyingine. Mwaka 2009 mahakama ya rufaa ya Amsterdam iliidhinisha suluhu ya Shell, zaidi ya dola milioni 350, kwa wawekezaji waliokuwa wakiishi na kununua nje ya Marekani.

Ila kagua programu yako kwanza. Nyingine hazikuuzii hisa bali mkataba wa kubashiri bei yake, na wenye mikataba hiyo mara nyingi hawamo kwenye suluhu.

Dhana: "Nitarudishiwa chote nilichopoteza."

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Tuseme ulinunua hisa 400 kwa dola 20, ukweli ukatoka, bei ikawa 14. Umepoteza dola 2,400. Wataalamu wakikadiria kuwa upotoshaji uliipandisha bei kwa dola 3.50 tu, hasara inayotambuliwa ni 1,400; kushuka kwingine huhesabiwa kuwa hali ya soko. Kisha mfuko wa fidia hugawanywa kwa uwiano, na kwa kawaida unapata sehemu ndogo tu ya hiyo 1,400. Uliyeuza kabla ukweli haujatoka kwa kawaida hupati kitu, kwa sababu uliuza kwa bei ileile iliyopandishwa.

Dhana: "Siku 60 zimepita, nimechelewa."

Siku 60 tangu kesi itangazwe ni za anayetaka kuongoza kesi ya pamoja. Fomu ya madai huja baada ya suluhu, pengine miaka kadhaa baadaye, na ina tarehe yake ya mwisho. Tatizo ni kwamba hisa mara nyingi zimesajiliwa kwa jina la dalali, hivyo taarifa humfikia yeye kwanza, na barua pepe yake kwako huishia kwenye taka.

Dhana: "Lazima ulipie kujiandikisha."

Hapana. Kuwasilisha fomu ni bure, na mawakili hulipwa kutoka kwenye mfuko kwa idhini ya mahakama. Anayekupigia akitaka "ada ya kufungua faili" kwa mpesa ni tapeli.

Fomu huomba tarehe, idadi na bei ya kila ununuzi na uuzaji, pamoja na hisa ulizokuwa nazo siku ya kwanza na ya mwisho ya kipindi cha kesi, yaani muda ambao upotoshaji unadaiwa kufanyika. Picha ya salio kwenye skrini haitoshi. Pakua stetimenti za dalali kila mwaka uzihifadhi nje ya programu, maana akaunti ikifungwa kuzipata ni kazi.