Punda Amekonda? Leta Mavi Kwanza

Tangu mvua ianze, wenye punda hapa Lamu wanatujia sisi tunaowatibu punda na lalamiko moja: dawa ya minyoo haifanyi kazi. Wengi wanasema kweli. Minyoo midogo ya utumbo mpana imeizoea dawa, na tumeizoesha wenyewe kwa kumpa kila punda, kila mara, kipimo cha kukisia. Uzito wa punda haujulikani kwa macho. Zungusha utepe kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, uje na kipimo hicho.

Kabla ya dawa tunataka mavi. Yawe ya asubuhi hiyo, yangali na joto, yaokotwe juu ya fungu na si yaliyogusa mchanga. Jaza kopo dogo mpaka juu, kwa sababu hewa huyaangua mayai ya minyoo. Funika, andika jina la punda na umri wake, weka penye ubaridi bila kugandisha, ufikishe kabla ya saa 24 kupita. Kopo moja, punda mmoja. Tukichanganyiwa mavi ya punda watatu hatuwezi kujua mgonjwa ni yupi.

Punda mzima mwenye afya ambaye gramu moja ya mavi yake haina mayai 200, kwa kawaida hatumpi dawa. Hatumnyimi mtu. Katika kundi, punda wachache ndio wanaomwaga mayai mengi, na hao ndio tunaowatibu. Wana wa punda wana utaratibu wao, kwani minyoo mikubwa ya mviringo huweza kuwaziba utumbo. Aliyetibiwa mavi yake yapimwe tena baada ya siku 14. Mayai yasipopungua kwa zaidi ya asilimia 90, tunashuku usugu na kubadilisha dawa.

Sindano ya ng'ombe asichomwe punda. Tumelisema hili mara nyingi mno.

Na si kila kukonda ni minyoo! Tazameni meno. Tazameni anachokula jaani: nailoni haitolewi na dawa yoyote.

Kazi kubwa iko zizini. Zoeni mavi angalau mara mbili kwa wiki, myarundike mbali na majani mpaka yachemke ndani ndipo yapelekwe shambani. Nyasi msizimwage chini.

Kumwacha punda mgonjwa bila matibabu na kumtwika mizigo ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360: faini, kifungo, au vyote viwili. Anayeleta kopo hashtakiwi, hata punda awe amedhoofika vipi.