Y Combinator ilivyoanza: mnavyosimuliwa na ilivyokuwa

Kila nikikaa na vijana wa startapu lazima mmoja aitaje YC, yaani Y Combinator, ile akseleta ya Marekani (inazipa kampuni changa mtaji na kuzilea kwa muda mfupi) walikopita Dropbox na Airbnb, na hata NALA, ile app ya kutuma pesa ya Mtanzania mwenzetu, ilipita huko 2019. Sawa, sina neno. Shida ni stori za mwanzo wake, kila mtu ana yake na nyingi zimezidi chumvi.

"Si ilianzia Silicon Valley, kwa matajiri wa kule?"

Wala. Ilianzia Cambridge, Massachusetts, jirani na Boston, Machi 2005, na ilianzia barabarani kabisa, watu wawili wametoka kula wanarudi nyumbani kwa miguu. Paul Graham na mpenzi wake Jessica Livingston. Jessica alikuwa ameomba kazi ya masoko kwenye kampuni moja ya uwekezaji na jamaa wanamzungusha tu, ndiyo hawasemi, hapana hawasemi. Paul naye ana lake rohoni: muda si mrefu alikuwa ametoa mada Harvard kwa wanafunzi wa kompyuta, akawaambia mkitaka mtaji tafuteni mtu aliyewahi kuanzisha kampuni mwenyewe akatoboa, mara anaona ukumbi mzima unamkodolea macho, ikabidi aruke fasta kwamba jamani sio mimi! Na hela alikuwa nazo, Viaweb, kampuni yake ya kutengenezea watu maduka ya mtandaoni, waliiuzia Yahoo 1998. Kwa hiyo njiani pale wakaona basi tufungue ya kwetu. Kesho yake akawavuta wenzake wa Viaweb, Robert Morris na Trevor Blackwell.

California, kuliko na hiyo Silicon Valley, walifika na kundi la pili la kampuni, mwanzoni mwa 2006, halafu wakawa wanapokezana huku na kule mpaka 2009 ndo wakahamia jumla.

"YC ni ya Paul Graham"

Hii inaniudhi kidogo. Waanzilishi ni wanne nimeshawataja, na huyo Morris ndo yule aliyeachia kirusi cha kompyuta kikaangusha mashine nyingi za intaneti 1988, baadaye akawa profesa wa chuo cha MIT. Ila anayesahaulika zaidi ni Jessica. Wale wanaume watatu kwenye usaili walikuwa wanauliza mambo ya programu na seva, yeye amekaa anawasoma watu, huyu mkweli, hawa wawili wataelewana au watagombana baada ya mwezi. Kwa biashara ya kuwapa hela watu usiowajua, hiyo ndo kazi yenyewe.

"Walimwaga mahela"

Dola 6,000 kwa kichwa! Mkiwa wawili 12,000, basi, na wao walikuwa wanachukua kama asilimia 6 ya kampuni. Hesabu waliitoa kwenye posho ambayo MIT ilikuwa inawapa wanafunzi wake wa uzamili kwa kiangazi kizima. Yaani ni hela ya kodi ya chumba na kula, ukijibana. Na Graham hakuona anawapunja, maana Viaweb yenyewe ilianza na dola 10,000 kwa asilimia 10.

Halafu chakula. Enzi hizo kila Jumanne jioni wote walikuwa wanakutana, na aliyekuwa anapika ni Graham mwenyewe, kwenye vile vyungu vya umeme vinavyochemka polepole, rojo la mchuzi fulani ambalo vijana wenyewe walikuwa wanalitania. Alikuwa anaalikwa mtu aliyewahi kujenga kampuni anapiga stori faraghani bila kuficha. Ila mimi naona nguvu ya Jumanne haikuwa mgeni, ilikuwa ile aibu ya kukaa meza moja na wenzako wanakuuliza wiki hii umefanya nini halafu huna cha kuonyesha.

"Walikuwa na mfumo wao tangu siku ya kwanza"

Mfumo gani, hata neno akseleta lilikuwa halijazoeleka. Walikuwa hawajui uwekezaji, wakasema tujifunze haraka kwa kuwapa hela wengi kwa mkupuo, tena wakati wa likizo ya kiangazi ili mwanafunzi badala ya kutafuta kibarua aje ajenge kampuni. Maombi yakaja 225, wakaita kama timu 20 usaili, wakachukua 8. Kumbe kuwaweka pamoja ndo dawa, wanasaidiana, wanapeana moyo. Siku ya kuwaonyesha wawekezaji walikuja kama 15 hivi.

"Wanachagua wazo kali"

Muulizeni Steve Huffman na Alexis Ohanian. Walikuja na wazo la kuagiza chakula kwa simu, mwaka 2005 huo, iPhone bado haijazaliwa. Wakakataliwa. Asubuhi wako kwenye treni wanarudi Virginia wamenuna, simu inaita, ni Graham: nyie tumewapenda, wazo lenu ndo hatulitaki, rudini na lingine. Wakashuka, wakageuza. Hilo lingine ndo Reddit, ule mtandao wa majadiliano.

"Kundi la kwanza wote walitoboa"

Reddit iliuzwa kwa Condé Nast, kampuni ya majarida, 2006, sawa. Sam Altman, yule mnayemjua kwa ChatGPT, ambaye aliomba akiwa na miaka 19, alikuja na Loopt, app ya kuona marafiki zako wako wapi, na haikufika mbali hivyo. Justin Kan na Emmett Shear walitengeneza kalenda ya mtandaoni, Kiko, wakaisotea weee, Aprili 2006 Google wakatoa ya kwao ya bure. Unafanyaje hapo? Wakaipeleka mnadani eBay kama mtu anavyouza friji iliyotumika, ikaenda kwa dola 258,100. Halafu wakarudi YC na jambo la ajabu zaidi: Justin anafunga kamera kwenye kofia na kurusha maisha yake laivu saa 24, na wakapewa hela tena! Ile kamera ya kofia ndo ilizaa Twitch, mtandao wa kurusha michezo ya video laivu, na 2014 Amazon wakailipia dola milioni 970.