Je, wajua? Mwanamke aliingia Bunge la Marekani kabla ya 1920

Ukiuliza wanawake wa Marekani walipata lini haki ya kupiga kura, jibu la haraka ni 1920. Nami nilishikilia jibu hilo miaka mingi, mpaka nilipokutana na jina la Jeannette Rankin, mwanamke wa Montana aliyechaguliwa kuwa mbunge kwa tiketi ya chama cha Republican mnamo Novemba 1916. Alichaguliwaje?

Kosa liko kwenye ile 1920. Mwaka huo Marekebisho ya 19 ya Katiba yalipiga marufuku, nchi nzima, kumnyima mtu kura kwa sababu ya jinsia. Kabla ya hapo kila jimbo liliamua lenyewe nani apige kura. Wyoming iliwapa wanawake kura tangu 1869, ikiwa bado haijawa hata jimbo. California ikafuata 1911, Montana 1914, na Rankin alikuwa mstari wa mbele katika kampeni hiyo. Kwa mgombea, Katiba ilidai umri wa miaka 25, uraia wa miaka 7 na makazi jimboni. Jinsia haikutajwa.

Kinachonivutia zaidi ni upigaji kura wenyewe. Montana ilikuwa na viti viwili visivyo na mipaka: jimbo zima lilichagua wabunge wote wawili. Chukulia kijiji kinachochagua wajumbe wawili, kila mtu akiweka alama mbili. Ya kwanza unampa mtu wa chama chako, roho itulie. Ya pili iko huru. Waweza kumpa binti aliyebisha hodi kwako akaeleza hoja zake. Naye hahitaji kuongoza: akishika nafasi ya pili, kaingia. Rankin alishika ya pili, nyuma ya Mdemokrati John Evans. Kura ni siri, hivyo hatuwezi kuhesabu waliogawa alama zao namna hiyo. Ila mwaka huohuo Montana ilimpa ushindi Wilson, Mdemokrati, katika urais, dalili kwamba wapo waliochanganya vyama.

Baadaye jimbo likagawanywa maeneo mawili, lake likawa na Wademokrati wengi. Akajaribu Seneti, baraza lingine la Bunge, 1918, akashindwa. Husemwa kwamba aliponzwa na kura yake ya kupinga Marekani kuingia Vita vya Kwanza vya Dunia, Aprili 1917, lakini siku ile walipinga wabunge 50. Aliyebaki peke yake ni Rankin wa muhula wa pili, alipopinga vita dhidi ya Japani 8 Desemba 1941: 388 kwa 1.

Turudi muhula wa kwanza: Januari 1918 ndiye aliyefungua mjadala wa marekebisho ya kura za wanawake katika Baraza la Wawakilishi, alikokuwa mbunge. Baraza likapitisha, Seneti ikakataa. Marekebisho yalipopita katika mabaraza yote mawili 1919, hakuwa tena mbunge.